Ʉgonile: salamu ya baiti nane

202 137 103 111 110 105 108 101.

Hiyo ni salamu ya Kinyakyusa, na wilaya nzima ya Kyela inaijua. Asubuhi, kuanzia Ipinda hadi Matema, mtu akikutana na mwenzake humuuliza kama amelala: ʉgonile. Wengi wakiiandika kwenye simu huandika ugonile, kwa u ya kawaida, na hakuna anayeshindwa kuelewa. Namba nane za hapo juu ni salamu hiyohiyo ikiwa imeandikwa kwa tahajia kamili, kama inavyokaa ndani ya kompyuta kwa mfumo wa UTF-8. Nataka kuzisoma jinsi mhakiki anavyosoma ubeti. Kwamba zinasema nini tumeshajua. Ninachouliza ni zimepangwaje, nani kapewa nafasi gani katika mpangilio huo, na aliyezipanga alikuwa akimfikiria msomaji yupi.

Mhakiki wa shairi la Kiswahili huanza kwa kuhesabu mizani. Hapa hesabu inatoa majibu manne. Silabi ni 4: ʉ-go-ni-le. Herufi ni 7. Baiti ni 8. Biti ni 64. Kila lugha ya programu imejichagulia mizani yake, na ukiiuliza urefu wa salamu hii inakujibu kwa hesabu hiyo bila kukueleza kwamba imechagua. Go na Rust husema 8. Java na JavaScript husema 7. Python ya zamani, ile ya 2 iliyostaafishwa rasmi Januari 1, 2020, ilisema 8 kwa matini ya kawaida. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, husema 7 ukiwa umeshika matini na 8 ukiwa umeshika baiti, na haikuruhusu kuvichanganya hivyo viwili. Hakuna lugha kati ya hizi inayosema 4. Kwa jadi ya ushairi wetu hilo ndilo jibu la kwanza, na kwa mashine ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa silabi haikuandikwa popote ndani ya zile namba nane.

Kwa nini baiti zizidi herufi kwa moja? Kinyakyusa kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Mbili za ziada zinakaa katikati: moja kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Tahajia inayotumiwa na watafsiri wa Biblia na wanaisimu wa shirika la SIL mkoani Mbeya huziandika ɨ na ʉ, yaani i na u zilizokatwa kwa mstari. Ni uamuzi mzuri wa mwandiko: jicho lililozoea Kiswahili linaona bado ni i na u, kisha linaona mstari na kukumbuka kwamba hapa sauti inashuka kidogo. Tatizo ni kwamba kompyuta haioni u iliyokatwa mstari. Inaona alama nyingine kabisa, yenye namba yake katika jedwali la Unicode, namba 649, wakati u ni namba 117. Baiti moja haivuki 255. Kwa hiyo ʉ lazima ikae katika baiti mbili, na hapo ndipo umbo linapoanza kuwa tamu.

Zitazame 202 na 137 kwa biti zake: 11001010 na 10001001. Baiti ya kwanza inaanza na 110. Maana yake: mimi ni mwanzo wa herufi, na nyuma yangu yuko mmoja. Baiti ya pili inaanza na 10: mimi ni mfuasi, sisomeki peke yangu. Ukiziondoa alama hizo, zinabaki biti 01010 na 001001. Ziunganishe upate 01010001001, ambayo ni 649 kamili. Katika biti 16 za ʉ, tano ni za fani na kumi na moja ni za maudhui. Herufi sita zinazofuata, g hadi e, kila moja inaanza na 0, ishara kwamba iko peke yake na haimtegemei mtu. Hapo fani ni biti moja na maudhui saba. Salamu nzima ina biti 11 za fani na 53 za maudhui. Sijui mwandiko mwingine ambamo mtu anaweza kutenganisha fani na maudhui kwa kisu kikali namna hii, na vitabu vyetu vya uhakiki vya sekondari vingefurahi.

Wahandisi wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike walibuni mpangilio huu Septemba 1992, wakiwa mezani kwenye mgahawa huko New Jersey, na inasimuliwa kwamba waliuchora kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Ninauheshimu sana. Ukidondokea popote katikati ya mfuatano wa baiti, hata kwenye 137, unajua papo hapo kwamba umeangukia mfuasi: rudi nyuma hatua moja umwone kiongozi. Baiti ya mfuasi haiwezi kamwe kufanana na ya kiongozi, wala na herufi inayosimama peke yake. Mpangilio huu haumdharau Mnyakyusa. Unaipa ʉ baiti mbili kama unavyozipa ö ya Kijerumani, é ya Kifaransa na herufi za Kigiriki cha kisasa. Waliopata baiti moja ni wale tu ambao herufi zao zilishaingia katika jedwali la ASCII miaka ya 1960, kama Kiingereza, na kwa bahati Kiswahili sanifu, ambacho kilikuwa kimekwisha kuvaa herufi hizohizo. Ndiyo maana majina ya ramani ya serikali ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kama Kyela, Matema, Itungi na Kasumulu, hayana baiti hata moja inayovuka 127.

Ubaguzi, kama neno hilo halijawa zito mno, unaanza pale baiti zinapoonyeshwa. Mwambie Python 3 aigeuze salamu kuwa baiti, naye ataandika hivi kwenye skrini:

b'\xca\x89gonile'

Huu ndio mshororo ambao makala hii imeandikwa kwa ajili yake. Nane zote ni namba. Ukimwuliza Python iliyo nafasi ya kwanza ni nini, anajibu 202. Ya tatu, anajibu 103. Lakini anapozionyesha zote kwa pamoja, anabadili lugha katikati ya neno: sita anazivalisha nguo za herufi, mbili anaziacha uchi, \xca\x89, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Na zile alizoziacha uchi ni sauti ileile inayoitofautisha salamu ya Kyela na maandishi ya Kiswahili. Linganisha na neno la kushukuru, ndaga. Halina irabu iliyokatwa, hivyo Python analitoa b'ndaga', safi kabisa, kana kwamba halikuwahi kuwa namba.

Wahandisi wa Python wanayo sababu, na si ya kipuuzi. Baiti nyingi zinazosafiri kwenye mtandao, amri za barua pepe na vichwa vya kurasa, ni maneno ya ASCII. Mtu anayesaka kosa usiku wa manane anapata nafuu kuona b'GET' kuliko 71 69 84. Tatizo langu ni kwamba nafuu hiyo imejificha ndani ya kitu kinachojitangaza kuwa ni namba tupu. Chombo kimesema: hizi si herufi, ni thamani kutoka 0 hadi 255, jaribu kuweka 300 nami nitakataa. Kisha kinazionyesha kama herufi pale inapowezekana kwa Mmarekani wa miaka ya 1960. Hata kanuni za kukata zinayumba: ukiziita baiti hizi b, chukua nafasi moja, b[0], unapata namba 202, chukua kipande cha nafasi hiyohiyo, b[0:1], unapata baiti tena, b'\xca'. Mwanafunzi mgeni huona hili ni kichekesho, na mzoefu ameshaacha kuliona.

Java inakosea kwa namna nyingine, na ukiniuliza, inakosea kishairi zaidi. Huko baiti haianzi 0 hadi 255. Inaanza -128 hadi 127, kwa sababu waliotengeneza lugha hiyo waliamua kwamba namba zote za aina hiyo ziwe na alama ya chanya au hasi. Salamu yetu ndani ya Java ni -54, -119, 103, 111, 110, 105, 108, 101. Biti ni zilezile, hakuna iliyoguswa. Ila sasa irabu ya Kinyakyusa inaingia ikiwa na deni, na mwandishi wa programu lazima aandike & 0xFF kila anapotaka kuiona 202 tena. Programu nyingi za simu za Android zimeandikwa kwa Java au kwa jamaa yake Kotlin, kwa hiyo hizo hasi mbili zipo mifukoni mwa watu sokoni Kyela, hata kama hakuna anayeziona.

C nayo ina mtego wake, na huu ni wa kisarufi kabisa. Ndani ya Python, \x hufuatwa na tarakimu mbili tu, si zaidi. Ndani ya C, \x inaendelea kumeza kila kinachofanana na tarakimu ya msingi wa kumi na sita, na humo a, b, c, d, e na f nazo ni tarakimu. Salamu inapona: baada ya 89 inakuja g, na g si tarakimu. Lakini andika neno lolote la ngeli ya ʉbʉ-, ngeli ambayo Kinyakyusa kinaitumia kila siku, na mfuatano wa \xca\x89 unafuatwa na b. C inasoma \x89b, inapata namba isiyoingia katika baiti, na kulalamika.  Anayeandika Kinyakyusa ataukuta mtego huu siku ya kwanza.

Sasa msomaji mbaya. Kuna programu zinazopokea baiti nane bila kuambiwa ni UTF-8, na zikakisia ni jedwali la Windows la Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti ni herufi moja. 202 humo ni Ê, 137 ni ‰, ile alama ya sehemu kwa elfu. Salamu inageuka Ê‰gonile. ɨ, ambayo baiti zake ni 201 na 168, inageuka É¨. Aliyewahi kupokea faili la Kinyakyusa lililopita kwenye kompyuta nyingi anazijua sura hizi. Zingatia kwamba hakuna kilichopotea. Baiti ni nane, zilezile, kwa mpangilio uleule. Ni usomaji tu ulioharibika, na ukimrudishia msomaji jedwali sahihi, ʉ inarejea nzima. Hasara ya kweli hutokea pale programu nyingine inapohifadhi Ê‰ kama herufi halali na kuzipa baiti mpya: Ê inapata mbili, ‰ inapata tatu, na salamu ya baiti nane sasa ni ya baiti kumi na moja. Hapo tayari ni matoleo mawili ya maandishi yaleyale, kama nakala za tenzi za hati ya Kiarabu zilizopita mikononi mwa mnakili asiyejua lahaja.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya hayamhusu. Andika ng'ombe kwa alama iliyonyooka: baiti 7. Iandike kwenye programu ya kuandikia inayojifanya mjuzi, ikupindie alama iwe ng’ombe: baiti 9, kwa sababu ile alama iliyopinda peke yake ni 226 128 153. Kwa mashine hao ni ng'ombe wawili tofauti, na anayemtafuta mmoja hampati mwingine. Kinyakyusa, ambacho nacho kina ng', kinabeba mzigo huo pamoja na wake.

Kwenye meseji za simu ndipo baiti zinapogeuka kuwa pesa. Ujumbe mfupi una nafasi ya baiti 140. Jedwali la GSM, mfumo wa simu za mkononi, limebana herufi katika biti saba kila moja, na biti 1,120 zikigawiwa kwa 7 zinatoa ile 160 inayojulikana. Mhandisi Friedhelm Hillebrand alikaa Bonn mwaka 1985 akipiga taipu sentensi za kawaida na kuhesabu, akaona 160 zinatosha. Jedwali hilo lina Å na Ø za Skandinavia, ß ya Kijerumani, herufi kubwa kadhaa za Kigiriki, hata alama ya yeni ya Japani. Halina ɨ wala ʉ. Ukiweka ʉ moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na 160 zinakuwa 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, kwa kuwa ujumbe uliogawanywa hubeba 67 tu kwa kila kipande. Basi ugonile kwa u ya kawaida ni uamuzi wa kimtindo wenye hesabu nyuma yake, nami simlaumu anayeufanya. Kinachonisikitisha ni kwamba jedwali lilipata nafasi ya yeni.

Kuna suala la mpangilio wa alfabeti. Ukiiambia lugha ya programu ipange maneno, na usiiambie kwa kanuni ipi, itayapanga kwa thamani: z ni 122, ɨ inaanzia 201, ʉ inaanzia 202. Maneno yote yanayoanza na ɨ na ʉ yanakwenda baada ya z. Kwa lugha nyingine hilo lingekuwa kero ndogo. Katika Kinyakyusa nomino huanza kwa irabu ya utangulizi, na irabu hiyo ni a, ɨ au ʉ. Orodha iliyopangwa kwa baiti inaweka abandʉ, watu, juu kabisa pamoja na wenzake wa a-, kisha inapitia vitenzi na mengine mpaka z, na nomino nyingi zilizobaki zinarundikana mkiani. Hiyo si kamusi. Herufi kubwa zinaongeza vurugu: Ɨ ni 198 151, Ʉ ni 201 132, ɨ ni 201 168, ʉ ni 202 137. Yaani Ʉ kubwa inakaa kabla ya ɨ ndogo, na Ɨ kubwa iko mbali na mwenzake kwa kata kadhaa za jedwali.

Umbali huo una historia. ɨ na ʉ ndogo ziliingia Unicode mwanzoni kabisa, miaka ya mwanzo ya 1990, kwa mlango wa alama za fonetiki, kwa kuwa wanafonetiki wanazihitaji kwa sauti zao wenyewe, ambazo si hizi za Kyela. Fonetiki haina herufi kubwa. Ɨ kubwa ilipata bahati ya kuingia mapema kwa mlango mwingine, pamoja na herufi za lugha za Afrika. Ʉ kubwa ilingoja mpaka toleo la 5.0, mwaka 2006. Kwa takriban miaka kumi na tano mtu angeweza kuisalimia Kyela kwa herufi ndogo, na asiweze kuanza sentensi kwa salamu hiyo bila kudanganya kwa fonti ya kubuni. Kichwa cha makala hii kisingeandikika kwa Unicode mwaka 2005. Leo Python akiambiwa aikuze matini anaigeuza 202 137 kuwa 201 132 bila kusita, na urefu unabaki uleule. Akiambiwa azikuze baiti zenyewe, anazikuza a hadi z za ASCII tu na kuiacha ʉ ilivyo: b'\xca\x89GONILE'. Hapo sina lawama. Aliyeomba baiti amepewa baiti.

Wapo waliojaribu kukwepa yote haya kwa kuandika u ya kawaida na kuifuatishia alama ya mstari inayoelea, baiti 117 204 181. Kwa macho ni ʉ. Kwa Unicode si ʉ, na haitakuwa: kanuni za kusawazisha, zile zinazojua kwamba é moja na e yenye alama juu yake ni kitu kimoja, hazikuweka undugu huo kwa mistari ya kukata. Usitumie njia hiyo.

Na kuna ʉ isiyokatwa kabisa. Mwaka 2017 Language Science Press ya Berlin ilichapa kitabu cha mwanaisimu Bastian Persohn kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa, kazi nzito yenye mifano mingi. Persohn anaandika irabu zilezile mbili kwa alama ambazo kwa fonetiki ni sahihi zaidi, ɪ na ʊ. Nilipoziangalia kwa baiti nilicheka: ɪ ni 201 170, ʊ ni 202 138. Kati ya tahajia ya Biblia na ya mwanaisimu, u imetofautiana kwa moja, 137 na 138, na i kwa mbili, 168 na 170. Kwa biti, u inatofautiana biti mbili za mwisho. I inatofautiana biti moja. Kwa jicho la binadamu anayejua lugha, ʉ na ʊ ni sauti moja kwa kalamu mbili. Kwa anayetafuta kwa mashine, ni bure: neno lenye ʉ halipatikani katika maandishi yenye ʊ.

Kuyakutanisha kunahitaji mstari mmoja wa programu, unaobadilisha kila 202 138 kuwa 202 137 na kila 201 170 kuwa 201 168. Unaweza kuuandika juu ya baiti ghafi, bila hata kuzifasiri kuwa herufi, wala usiogope kwamba utagusa nusu ya herufi nyingine: 202 haiwezi kuwa mfuasi wa mtu, na 138 haiwezi kuanza neno. Hata urefu wa faili haubadiliki.